Chapeo Yenye Pembe za Kondoo Dume



Kazi ya chapeo inajulikana. Ni kofia ya chuma ya kukinga kichwa kisipasuliwe na upanga. Lakini leo nataka tuzizungumzie chapeo tatu za Ulaya za karne ya 16 ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kutazamwa.

Ya kwanza ilitengenezwa kati ya mwaka 1511 na 1514 na fundi Konrad Seusenhofer wa Innsbruck, katika nchi ambayo leo ni Austria. Aliyeiagiza ni Kaisari Maximilian I, amzawadie Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Ina sura ya mtu: pua inayodondosha kamasi, mashavu yenye vindevu vilivyochorwa, miwani ya shaba, na juu yake pembe mbili za kondoo dume. Iliambatana na deraya kamili, lakini deraya hiyo imepotea. Chapeo peke yake imebaki, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la silaha mjini Leeds. Karne moja na ushei baadaye, wageni wa ngome ya London walikuwa wakiambiwa kwamba ilikuwa ya Will Somers, mchekeshaji wa mfalme! Zawadi ya kaisari ikageuka kuwa vazi la mcheshi.

Ya pili ni ya Sultani Suleiman wa Uturuki. Mwaka 1532 mafundi wa dhahabu wa Venice walimtengenezea chapeo yenye mataji manne, moja juu ya jingine, iliyojaa vito. Bei yake ilizidi dukati 100,000. Papa wa Roma alikuwa na mataji matatu, basi mwenye macho na aone. Ajabu ni kwamba masultani wa Uturuki hawakuvaa mataji, walivaa vilemba. Chapeo ile haikuwa kwa ajili ya raia wake. Ilikuwa kwa ajili ya macho ya mabalozi wa Ulaya, wakati jeshi lake likielekea upande wa Vienna. Leo haipo. Inasadikiwa iliyeyushwa, na tunaijua kwa picha zilizochapwa wakati ule.

Ya tatu iko New York, katika jumba la Metropolitan. Filippo Negroli wa Milano aliifua kutoka kipande kimoja cha chuma cha pua, akakifinyanga kama udongo hadi kikatoa majani na umbo la mwanamke juu ya utosi. Jina lililoandikwa kwenye paji lake si la mfalme. Ni la fundi mwenyewe, pamoja na mwaka, 1543.

Ndugu wasikilizaji, mwenye fahari hulipa ili aogopwe, lakini hawezi kuwalipa watazamaji wafikiri anavyotaka. Wao hutoa tafsiri yao, na tafsiri hiyo huishi kuliko yeye. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi tuonapo ukubwa umepambwa hadharani, tujiulize maswali mawili: pambo hili linamkinga nani, na gharama yake imetoka mfukoni mwa nani?