Kuchagua Aina za Pichesi Mkoani Songwe: Tuanze na Kalenda ya Mvua



Anayetaka kupanda pichesi kwa kawaida huuliza kwanza ni aina ipi yenye tunda kubwa na tamu. Naomba swali hilo lisubiri. Kwa mkoa wetu, aina inayofaa ni ile inayoiva kabla mvua hazijakolea, kwa sababu tunda kubwa lililooza mtini halina bei.

Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Juni hadi Agosti ni kipupwe, na Septemba na Oktoba ni ukame. Pichesi hupukutisha majani, hupumzika wakati wa baridi, kisha huchanua. Tunda la aina inayochelewa huanza kulainika Desemba au Januari, hewa ikiwa imejaa unyevu, na hapo ndipo ukungu wa kuoza kahawia unapolipata. Huanza na doa dogo la kahawia. Baada ya siku chache doa limeenea tunda zima, na juu yake umetokea unga wa kijivu. Unga huo ndio mbegu za ukungu, na upepo na matone ya mvua huupeleka kwenye matunda ya jirani. Tunda lililooza hukauka likaning'inia tawini na kuutunza ugonjwa hadi msimu unaofuata. Ndiyo maana lazima lichumwe na kufukiwa.

Basi tuhesabu siku. Chukua mti uliochanua tarehe 10 Agosti. Flordaprince, aina iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, huko kwao huiva siku kama 78 baada ya kuchanua: hapo ni tarehe 27 Oktoba. TropicBeauty huchukua kama 89, yaani tarehe 7 Novemba. Aina ya siku 130 itafika tarehe 18 Desemba, katikati ya mvua. Baridi ikizidi siku huongezeka, kwa hiyo wa milimani Ileje asizichukue hesabu hizi kama zilivyo. Kila mkulima aandike tarehe ambayo nusu ya maua ya mti wake yamefunguka na tarehe ya kuchuma tunda la kwanza. Daftari hilo litamfaa kuliko maelezo ya muuza miche.

Jambo la pili ni baridi yenyewe. Kila aina huhitaji saa kadhaa za baridi iliyo chini ya nyuzijoto 7 hivi ili macho yake yaamke. Elberta, aina maarufu ya nchi za baridi, hutaka takriban saa 800. Sisi tuko latitudo ya nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Hata Tunduma, penye usiku wa baridi kali mwezi Julai, hatuwezi kuzifikisha saa hizo. Mti wa namna hiyo utachelewa kuamka, utatoa maua machache kwa vipindi, na matawi yatabaki matupu. Flordaprince na TropicBeauty hutaka saa kama 150, na UFSun kama 100. Hata kwa aina hizi, Bonde la Kamsamba na maeneo ya chini ya Wilaya ya Songwe siyashauri kabisa kwa zao hili.

Kuwahi kuiva kuna gharama yake, na nisingependa mtu aondoke hapa bila kuijua: tunda litakua katika miezi ya ukame. Asiye na maji ya kumwagilia Septemba na Oktoba atavuna matunda madogo. Matandazo ya nyasi husaidia, ila hayachukui nafasi ya maji. Wala kuwahi hakuzuii kila ugonjwa. Mvua zikianza, madoa ya bakteria na kutu huyashambulia majani hata kama matunda yameshauzwa, na mti uliopoteza majani mapema huzaa vibaya mwaka unaofuata. Chagua mahali pasipotuama maji, panda kwa nafasi, na pogoa katikati ya mti ili upepo upite na majani yakauke upesi. Nzi wa matunda naye hahitaji mvua kubwa. Kusanya kila tunda lililoanguka ili asizaliane humo.

Kwa soko la Tunduma, ambako mzigo huenda mbali kwa lori, ningeipa UFSun nafasi ya kwanza katika majaribio, maana nyama yake ni ngumu na hailainiki upesi. Flordaprince hulainika haraka na inafaa kuuzwa jirani.

Pia tusidharau pichesi za kienyeji zilizo nyumbani kwetu. Mti wa zamani unaochanua vizuri kila mwaka bila kulazimishwa umeshathibitisha kwamba baridi yetu inautosha. Ukiwa unaiva mapema pia, kata vikonyo vyake ubebeshe, usitegemee kokwa, kwani mche wa kokwa hauna uhakika wa kufanana na mama yake. Ukiwa unachelewa, kokwa zake bado zinafaa kuotesha mashina ya kubebeshea.

Na kwa sababu tuko mpakani, naomba sana miche isivushwe kutoka Nakonde, upande wa Zambia, bila kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa ushauri tunao TARI Uyole, Mbeya. Anza na miche michache ya aina mbili au tatu, shamba moja, na uiandikie tarehe kwa misimu kadhaa kabla ya kujaza ekari.