Kisukari na Macho ya Watunza Vitabu

(Maneno yaliyosemwa na Mkaguzi wa Ushirika katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Mmezoea kuniona nikija na kalamu nyekundu kuulizia shilingi zisizoonekana. Leo nimeomba ruhusa niseme juu ya jambo lisilomo katika masharti ya chama chochote, ingawa mimi nililikuta ndani ya daftari la ununuzi.

Msimu mmoja wa pamba nilikagua chama ambacho jumla za daftari hazikulingana na stakabadhi za wakulima. Palipostahili kuwa na 3 paliandikwa 8. Mstari mmoja umerukwa, mwingine umenakiliwa mara mbili. Nikaandika hoja kali, nikimshuku katibu kuwa amekula fedha za watu. Fedha zilipohesabiwa zilitimia zote. Ndipo ilipobainika kwamba katibu yule alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na macho yake yalikuwa yameharibika pasipo yeye kutambua. Yeye alidhani anahitaji miwani mipya. Mimi nilimdhania mwizi. Nilimwomba radhi mbele ya kamati, lakini jicho lake la kushoto halikupona.

Mimi si daktari. Niliyo nayo niliyapata kwa kuwauliza waganga wa macho na kwa kusoma, maana hoja ile ilininyima raha.

Nyuma ya jicho pana utando uitwao retina, ambao unene wake haufiki nusu milimita. Ndani yake mna seli zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga, na seli za neva zinazoupelekea ubongo habari ya kile kilichoonwa. Kwa uzito wake, utando huu hutumia oksijeni nyingi mno, na sehemu yake ya ndani hulishwa na mishipa ya damu iliyo midogo sana. Kila mshipa huo una seli zilizobanana kwa ndani, na kwa nje umekumbatiwa na seli ziitwazo perisaiti, ambazo huushikilia usitanuke ovyo.

Sasa, seli za misuli husubiri insulini ndipo zipokee sukari kwa wingi. Seli za retina na za mishipa yake hazisubiri. Sukari ikijaa katika damu, hujaa na ndani yake. Hapo huzaliwa kemikali kali zinazoichoma seli kutoka ndani, na sukari nyingine hunata kwenye protini na kuziharibu. Katika mishipa hiyo perisaiti hufa mapema. Mshipa uliopoteza perisaiti hutuna vifuko vidogo, ukavuja maji, mafuta na damu. Baadaye seli za ndani nazo hufa, ukabaki mrija mtupu usiopitisha kitu.

Maji hayo yakituama katikati ya retina, mahali tunapotumia kusomea tarakimu, pale huvimba, na 3 hufanana na 8. Na sehemu iliyokosa oksijeni hutoa protini ya kuita mishipa mipya. Mtu angedhani huo ni msaada, kumbe mishipa hiyo ni dhaifu. Huota juu ya retina, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, na makovu yake huweza kuivuta retina hadi ibanduke. Isitoshe, utafiti umeonyesha kwamba seli za neva zenyewe huweza kuanza kufa kabla daktari hajaona kasoro yoyote katika mishipa. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena.

Na wakati huo wote hakuna maumivu. Mtu husoma gazeti vizuri, akasema macho yangu ni mazima.

Ndugu Makatibu, ninyi mnajua kuwa mkaguzi akitangaza siku ya kuja, sanduku la fedha hukutwa limejaa. Ndivyo afanyavyo mgonjwa anayeacha chai ya sukari siku mbili kabla ya kliniki. Lakini kipo kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu, kwa sababu sukari hunata katika chembe nyekundu, nazo huishi siku zipatazo 120. Kipimo hicho hakidanganyiki kwa urahisi. Natamani ningekuwa nacho kazini. Mwaka 1993 ulitangazwa utafiti wa Marekani na Kanada juu ya wagonjwa 1,441 wa kisukari cha kutegemea insulini. Miongoni mwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, waliodhibiti sukari kwa uangalifu mkubwa walipunguza hatari ya ugonjwa huu kuanza kwa asilimia 76. Shinikizo la damu nalo lidhibitiwe.

Matibabu yapo. Mionzi ya leza huzuia mishipa mipya, na sindano za dawa ndani ya jicho huikabili ile protini niliyoitaja na kupunguza uvimbe. Hata hivyo hulinda zaidi kile kilichobaki. Kwa hiyo mwenye kisukari cha ukubwani apimwe macho mara tu ugonjwa unapogunduliwa, na mwenye kile cha kutegemea insulini ndani ya miaka mitano; kisha kwa kawaida kila mwaka, hata akiona vizuri. Mama mjamzito mwenye kisukari asingoje. Apimwapo hutiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa hawezi kusoma sawasawa. Siku hiyo asiguse daftari, na asirudi peke yake kwa baiskeli.

Ninaziomba kamati zenu ziweke nauli ya safari hiyo katika makisio ya mwaka, ya katibu na ya msindikizaji wake, na katibu asikatwe posho ya siku hiyo. Wakati wa mkaguzi kuandika hoja juu ya nauli hiyo ukifika, nileteeni mimi.

Katibu yule bado yumo chamani. Jicho la kulia liliokolewa kwa leza. Vitabu sasa vinaandikwa na kijana aliyemfundisha mwenyewe, naye huketi kando akisomewa jumla kwa sauti. Msimu uliopita aligundua makosa mawili kwa kusikiliza tu.