Nahau za Kiingereza: Shika Maana Nzima

Wewe unayejitayarisha na mtihani wa Kidato cha Nne, uko Wete, Mkoani, Micheweni au Chake Chake, haya ni yako.

Mtu akisema mzee fulani amekula chumvi nyingi, hufikirii chumvi. Unajua ameishi miaka mingi. Nahau za Kiingereza ni hivyo hivyo. Shika maana nzima. Usifasiri neno moja moja.

Sikiliza hii: "under the weather". Ukifasiri neno moja moja, utaandika habari za mvua na jua. Kumbe maana yake ni kuumwa kidogo, kutojisikia vizuri. Nyengine: "once in a blue moon". Ni jambo linalotokea kwa nadra sana.

Na pahala pa kuitumia nahau pia upajue. "Kick the bucket" maana yake ni kufa, lakini ni maneno ya mzaha. Sisi msibani hatusemi marehemu amekata kamba. Basi na hiyo usiiandike kwenye barua ya rambirambi.

Anza leo. Chukua daftari. Andika nahau na maana yake nzima. Kisha tunga sentensi yako ya Kiingereza juu ya mambo ya kwenu: uchumaji wa karafuu, safari ya boti kwenda Unguja. Isome kwa sauti. Jioni mwenzako akuulize, nawe umuulize.

Ukikwama, mpelekee mwalimu wako wa Kiingereza hiyo sentensi akusahihishie.