MASIKIO NAYO HUCHOKA
Mazungumzo kwa vikundi vya kwaya na ngoma, Mombasa



Wengi wenu mna kwaya au ngoma inayoalikwa harusini, na pesa zile huingia katika mfuko wa kikundi. Leo tuzungumze juu ya jambo linaloweza kuumaliza mfuko huo polepole, nalo ni uchovu.

Tuangalie Mji wa Kale hapa kisiwani. Huu ni mji wa taarabu, mji wa kina marehemu Juma Bhalo, aliyeacha jukwaa mwaka 2007, na Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu. Harusi huanza usiku, na mara nyingi wapigaji hurudi makwao alfajiri.

Shingo ya udi haina alama za kuonyesha kidole kikae wapi. Sikio ndilo linaloongoza. Mwimbaji naye amebeba beti nyingi kichwani, kila ubeti na vina vyake. Ubongo uliokosa usingizi haushiki vizuri: anachelewa kuingia, anaruka ubeti, au anarudia ule ule. Watu husema, "Huyu amezeeka." Wala! Amechoka tu. Tena usingizi ndio unaosaidia ubongo kuweka akiba yale tuliyojifunza mchana. Kwa hiyo kukesha mkifanya mazoezi usiku wa kuamkia shughuli ni kutia maji kwenye pakacha.

Na masikio je? Ndani kabisa mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huzichosha. Ukitoka harusini masikio yanalia nziii, na watu wanaongea kama wako mbali, hiyo ni dalili. Kwa kawaida hupoa ukipumzika. Lakini mambo yakirudiwa-rudiwa, chembe zile hufa, na zikifa hazioti tena.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kwa desibeli 85, masikio huvumilia kama saa 8. Zikifika 100, muda wa salama ni dakika 15 tu. Spika kubwa zaweza kufika hapo, na katika vichochoro vyetu kuta za mawe huirudisha sauti.

Basi mtego ndio huu: sikio likichoka, mpigaji hudhani spika imepungua, naye huiongeza. Akiiongeza, sikio huchoka zaidi. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka.

Tufanyeje?

1. Laleni mchana kabla ya shughuli ya usiku.
2. Jifunzeni wimbo mpya siku kadhaa mapema, kidogo kidogo.
3. Pokezaneni. Kila saa, mtu atoke nje kwenye utulivu.
4. Msikae mbele ya spika. Isogezeni, na mpunguze sauti.
5. Nunueni vizibo vya masikio. Pamba tupu haisaidii sana.
6. Masikio yakiendelea kulia siku ya pili au ya tatu, nendeni kliniki.

Hata Bwana Yesu aliwaona wanafunzi wake wamechoka, akawaita kando wapumzike (Marko 6:31). Kupumzika si uvivu, ni sehemu ya kazi.

Ya kujadili kikundini: Nani kati yetu masikio yake hulia baada ya shughuli? Je, tukipatana bei na mwenye harusi, tunaweza kupatana naye saa za kupumzika pia?