Kibao cha namba cha zahanati
Maneno ya fundi wa karakana ya vijana, Siku ya Wakimbizi Duniani



Nimeombwa niseme kidogo juu ya kazi ya karakana. Sitahesabu redio tulizotengeneza. Nitasema habari ya kile kibao chenye namba nyekundu mlangoni mwa zahanati, kwa kuwa kilileta ugomvi ambao wengi mnaukumbuka.

Asubuhi kiliwaka vizuri. Ikifika saa sita kilizimika, kikarudi, kikazimika tena. Mama mwenye mtoto wa homa ameshika karatasi ya 68, haoni kitu; mara mwenye 71 anaingia. Matusi yakaanza. Wako waliosema mlinzi anapendelea watu wa kwao. Wengine walisema betri imekufa, na maombi ya betri mpya yakaandikwa.

Lakini tazameni: 71 ilionekana, 68 haikuonekana. Betri haichagui namba.

Kila tarakimu ina vijiti saba vya taa za LED. Moja huwasha vijiti viwili, saba huwasha vitatu, sita huwasha sita, nane huwasha vyote saba. Basi 71 ni vijiti 5, na 68 ni 13. Umeme wa kibao ni volti 5. Taa nyekundu hula karibu volti 2, zinabaki 3 juu ya rezista ya omu 150, ndiyo miliampea 20 kwa kila kijiti. 71 inakunywa miliampea 100. 68 inakunywa 260.

Na kwa nini mchana? Kwa sababu jua likiwa kali, sola inajaza betri, na ile tunayoiita ya volti 12 inapanda kupita 14. Regyuleta, ile 7805 yenye miguu mitatu, inazishusha hadi 5. Volti 9 zinazobaki zinageuka joto. Zidisha 9 kwa ampea 0.26, unapata wati 2.3 na zaidi. Imeandikwa inabeba ampea 1, ni kweli, ila ikiwa imefungwa kwenye bati la kuipoza. Yetu ilisimama uchi. Ikichemka sana hujizima yenyewe isiungue, ikipoa hurudi. Mlinzi hakuwa na kosa lolote, na nafurahi kulisema hili mbele ya watu.

Binti mmoja wa karakana ndiye aliyesema tuweke 88, tuiache, tupime. Mita ilionyesha volti 14 zikiingia bila kuyumba, na 5 zikitoka. Baada ya dakika chache zile 5 zikaanguka. Wenzetu wa mashirika, naomba kipimo kifanywe hivyo, taa zote zikiwaka, kabla ya kununua kitu. Betri ilikuwa nzima.

Tulikata mfuniko wa sufuria ya alumini, tukaufunga kwa skrubu nyuma ya regyuleta. (Mgongo wake umeungana na upande hasi, usiguse waya wa chanya.) Tukabadili rezista zote 14, tukaweka za omu 330, kila kijiti kikabaki na miliampea 9. Sasa hata 88 haileti joto la kupita wati 1 na kidogo. Mwanga ulipungua, kwa hiyo tukaweka kofia ya bati jeusi kuzuia jua.

Vijana mnaojitengenezea saa za ukutani, msibane matumizi kwa kuweka rezista moja kwa tarakimu nzima. Mkondo utagawanywa: moja itawaka kama moto, nane itafifia. Rezista ni ya kila kijiti.

Ombi letu kwa kamati ni mita ya pili. Iliyopo inashirikiwa na vijana 12, na waya wake mmoja tumeshaulehemu mara tatu.