Bando langu la wiki lilikwenda wapi?

Nina dakika mbili tu.

Oktoba 28, 2025 nilijiunga bando la wiki. Kesho yake, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Inarudi baada ya siku kama tano, GB zangu karibu zote zipo, ila muda umebaki siku moja. Mtandao ulisimama, saa ya bando haikusimama.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada mpole kweli: "Pole mteja wetu, kifurushi kinaisha kwa muda." Sawa, lakini mimi nilinunua muda au huduma? Watajitetea kwamba mtandao haukuwa mikononi mwao. Haya, tuchukulie hivyo. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 65: mkataba ukibatilika, aliyepokea faida airudishe. Haisemi airudishe akijisikia.

Najua kuna anayewaza, watu wamezika ndugu zao, huyu analia na bando! Siku zile nami nilikuwa na mtu nisiyempata, sikulala. Lakini kumbukeni, gharama ya kutuzimia tumeilipa sisi wenyewe, mapema, kwa simu zetu.

Unaanza kulalamika kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Akikuzungusha, unapanda TCRA. Ya kwangu imepokelewa, nakala yenye muhuri hii hapa. Mwenye meseji ya bando la wiki ile asiifute. Nakaa pale nyuma na karatasi, tuandike ya kwako kabla hujaondoka.