"Ng'ambo" Si Jina la Kijiji: Malezi ya Watoto Wadogo Mpakani

Hotuba ya ofisa wa polisi anayeshughulikia ulinzi wa watoto na familia, iliyotolewa mbele ya wazazi na walezi wa vijiji vya mpakani, Wilaya ya Busia, Uganda



Nawashukuru kwa kunikaribisha chini ya mwembe huu. Mara nyingi askari aonekanapo kijijini, watu huulizana kwanza ni nani aliyekosa. Leo hakuna aliyekosa. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya watoto wetu wadogo, wale ambao hawajafika umri wa kwenda shule, na juu ya mambo ya kila siku ya nyumbani ambayo tukiyapuuza hutuletea kilio.

Siku moja ya soko, kijana wa boda boda alituletea kituoni mtoto wa kike mwenye umri upatao miaka minne. Alikuwa amemkuta akilia kando ya barabara kuu, kati ya malori yaliyopanga foleni. Tulimpa maji, tukamkalisha, tukamwuliza jina lake. Akataja jina la kubembelezwa ambalo nusu ya watoto wa eneo hili huitwa. Mama yako anaitwa nani? Akajibu, "Mama." Unatoka wapi? Akajibu, "Ng'ambo."

Ndugu zangu, mnaujua uzito wa jibu hilo. Sisi tulio Uganda tukisema ng'ambo tuna maana ya Kenya. Walio Kenya wakisema ng'ambo wana maana ya Uganda. Mtoto yule alilisikia neno hilo kila siku vinywani mwa watu wazima, wala hakujua kwamba maana yake hugeuka kila mtu avukapo. Alizungumza Kisamia, lakini Wasamia wako pande zote mbili. Hatukujua tuanze kumtafuta mama yake upande upi.

Wakati huo huo mama yake alikuwa akizunguka upande wa pili, duka kwa duka, akiuliza. Hakwenda polisi. Alitueleza baadaye kwamba aliogopa kuulizwa kwa nini alimwacha mtoto, na tena aliambiwa sokoni kwamba polisi hawapokei taarifa ya aliyepotea mpaka saa ishirini na nne zipite. Jua lilikuwa linakuchwa ndipo mama mmoja muuza samaki, aliyesikia habari za pande zote mbili, alipozikutanisha. Kama si yeye, mtoto yule angelala mbali na mamaye usiku ule, na sijui usiku ngapi baadaye.

Sikulisimulia tukio hili ili kumlaumu mama yule. Aliamka kabla ya alfajiri, akateka maji, akapika uji wa wimbi, akajitwika mhogo wake kwenda sokoni. Watoto aliwaacha na dada yao mwenye umri wa miaka tisa, ambaye tayari alikuwa na kichanga mgongoni. Yule wa miaka minne akamfuata mamaye kimya kimya, naye dada hakuona. Ni nani kati yetu anayeweza kusema kwamba nyumba yake haijapata kuwa hivyo?

Basi tujifunze. Jambo la kwanza ni majina. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kukariri jina lake kamili, jina la mama au baba, na jina la kijiji. Mfundishe unapomwogesha, mfundishe mnapokoka moto, mpaka ayaseme kama wimbo. Majina ya kubembelezwa ni matamu, lakini hayamrudishi mtoto nyumbani. Kadi yake ya kliniki nayo itunzwe mahali pakavu, na kuzaliwa kwake kuandikishwe katika nchi alikozaliwa. Wako akina mama waliojifungulia upande wa pili kwa sababu hospitali ilikuwa karibu zaidi; hao wasiiache karatasi ya hospitali ipotee, maana ndiyo mwanzo wa cheti.

Jambo la pili ni mlinzi wa nyumba. Mtoto wa miaka tisa ni msaidizi, si mlezi. Ukimwachia kichanga, chungu jikoni na wadogo wawili, umempa mzigo ambao hata mtu mzima ungemlemea. Na siku hiyo shule haendi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Siku za soko zinajulikana. Kwa nini akina mama wanne au watano wa boma jirani wasipeane zamu, mmoja akabaki na watoto wa wote, wengine wakaenda? Na akina baba, jambo hili si la wanawake peke yao. Baba anayeshinda kwenye kibao cha bao hali mwanawe anachezea kando ya barabara ya malori, naye ana la kujibu.

Na huyo anayebaki aangalie moto na maji. Mafiga matatu ya jikoni hubaki na makaa muda mrefu baada ya chakula kuiva. Mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda, mtoto huyaona kuwa soda. Na maji, wazazi wangu, hayahitaji kuwa kina cha Mto Sio. Ndoo iliyoachwa wazi humtosha mtoto anayeanza kutembea kuzama, tena huzama bila kelele. Funika pipa, mwaga ndoo, zungushia kisima ua.

Jambo la tatu ni kuvuka. Tangu mwaka 2018 tuna kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji hapa Busia, ambapo msafiri huhudumiwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Hata hivyo najua, nanyi mnajua, ziko njia za panya. Msiwatume watoto katika njia hizo na mizigo ya magendo mkidhani kwamba askari atawahurumia. Na mtu akija na maneno mazuri kwamba atampeleka mwanao ng'ambo kusoma au kuishi na jamaa, mwulize jina lake, kijiji chake na mwenyekiti wake, kisha mlete kwa LC1 aandikwe. Mwenye nia njema hatakasirika.

Jambo la mwisho ni taarifa. Mtoto akipotea, usingoje hata saa moja. Hakuna sheria inayokutaka usubiri saa ishirini na nne. Mwambie mwenyekiti, njoo polisi, piga 999. Hatutaanza kwa kukuuliza kosa lako. Tutaanza kwa kukuuliza mtoto amevaa nguo gani. Sheria ya Watoto ya Uganda huliagiza baraza la mtaa kumpa hifadhi mtoto aliyepotea na kufanya kila juhudi kuwatafuta wazazi wake. Likishindwa, limpeleke kwa ofisa wa ustawi wa jamii au polisi. Iko pia simu ya watoto, namba 116, isiyolipiwa. Hapa kwetu huitwa Sauti, na namba ni hiyo hiyo upande wa Kenya. Unaposimama mpakani huna haja ya kukumbuka namba mbili.

Nawashukuru vijana wa boda boda. Jina la kazi yenu lilizaliwa hapa hapa Busia, wenye baiskeli walipokuwa wakiita abiria wavuke mpaka. Ninyi huona mengi barabarani kuliko sisi. Endeleeni kusimama mwonapo mtoto peke yake.

Nina ombi moja. Usiku wa leo, kabla ya kulala, mwulize mwanao maswali yale matatu tuliyomwuliza mtoto yule: Unaitwa nani? Mama yako anaitwa nani? Unatoka wapi? Akijibu "ng'ambo", kesho anza kumfundisha.

Mungu awalinde watoto wetu, wa upande huu na wa upande ule.